Sikio la Nahodha Kimondo

Maiti ilikuwa imelala chali kando ya meza ya kazi, miwani ya kukuzia ikiwa bado kichwani, lenzi moja imepasuka. Damu ya kisogoni ilikuwa imeganda na kushikana na vumbi la msasa. Juu ya meza, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mtu mdogo mwenye urefu wa shubiri, aliyevaa deraya ya vita vya anga za mbali, alikuwa akimtazama Inspekta.

Inspekta hakupenda kutazamwa hivyo asubuhi.

"Nani amegusa vitu humu?" aliuliza.

"Mimi, afande," Koplo akajibu. "Nimegusa swichi ya taa."

"Na nini tena?"

"Na kiti. Nilikikalia kidogo."

Inspekta akafumba macho, akavuta pumzi, akayafumbua. Kiti kile alitaka kipimwe alama za vidole.

Akaanza kazi na kilichobaki. Chumba kilikuwa stoo ya nyumba iliyogeuzwa karakana. Rafu zilijaa majeshi ya sayari zisizokuwepo: marubani wa kike wenye mikono ya chuma, viumbe wa macho manne, roboti wenye kutu ya kuchorwa kwa brashi. Kila mmoja aliungwa kwa takataka. Viungo vilitolewa kwa wanasesere waliovunjika, ngao zilikatwa kwenye vifuniko vya chupa, na sura zilichongwa kwa udongo wa epoksi, ule wa sehemu mbili, ya njano na ya buluu, ambao ukizikanda pamoja unageuka kijani na baada ya saa chache unakuwa mgumu kama jiwe.

Pembeni mwa meza lilifungwa jiliwa la chuma la kubania vitu. Kona yake ilikuwa na damu na nywele.

"Ama alianguka, ama alisukumwa," alisema daktari wa maiti, akivua glavu. "Kwa michubuko hii ya kifuani, mimi nasema alisukumwa. Jana jioni."

"Alikufa papo hapo?"

"Sidhani. Damu imetoka nyingi mno. Huenda alipoteza fahamu, akakaa kitambo ndipo akakata roho."

Jibu hilo Inspekta hakulipenda pia.

Marehemu alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Sayari. Mjane wake alikuwa ukumbini, kanga ameikunja mikononi. Jana alilala kwa dada yake; asubuhi hii alirudi akamkuta mumewe ameshapoa.

"Mumeo alikuwa na ugomvi na nani, mama?"

"Na Brashi."

"Brashi ni nani?"

"Mpaka rangi wake. Yeye anachonga, Brashi anapaka. Jana mchana walizozana mpaka majirani wakatoka nje. Alimwambia, 'Ukimkwangua tena huyo nahodha nitakuvunja hiyo mikono.'"

"Nahodha yupi?"

"Huyo wa mezani. Nahodha Kimondo. Alitungwa na mtoto wa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Mtoto alikuwa akimchora kwenye kila karatasi. Alipofariki mwaka jana, shemeji akamwomba mume wangu amtengenezee huyo nahodha, lakini sura iwe ya mwanawe."

"Na sura haikupendeza?"

Mjane akacheka kicheko kikavu. "Mume wangu hakupendezwa na kazi yake hata siku moja. Anachonga, anakwangua. Anachonga, anakwangua. Mwaka mzima, afande. Shemeji amekuwa akija hapa kama mtu anayeenda kliniki."

Kabla ya saa sita mchana Brashi alikuwa mahabusu. Alama za vidole vyake zilijaa kwenye jiliwa. Mkuu wa kituo aliridhika hadi akaagiza chai.

"Kesi ya wanasesere imeisha," alisema. "Kesho asubuhi anafikishwa mahakamani kwa mauaji. Tuna wezi wa magari wa kuhangaika nao."

"Alama zake lazima ziwepo, mkuu. Anafanya kazi pale kila juma."

"Na vitisho?"

"Mimi mwenyewe leo nimetamani kumvunja Koplo mikono."

Mkuu hakucheka. "Kesho asubuhi, Inspekta."

Brashi aliletwa chumba cha mahojiano. Msichana mwembamba, kucha zina rangi ya fedha na kijivu, uso umefura hasira.

"Jana uliondoka kwa marehemu muda gani?"

"Jua bado lipo. Sikuangalia saa, niliangalia mlango."

"Ulimsukuma?"

"Hapana."

"Ulisema utamvunja mikono."

"Nilisema. Na angekuwa hai ningesema tena leo. Unajua kupaka deraya ile kulinichukua muda gani? Tabaka juu ya tabaka, rangi nyembamba kama maji, moja ikauke ndipo uweke nyingine. Halafu mtu anakuja na kisu anakwangua uso, vumbi lote linatua kwenye kazi yangu. Mara ngapi? Niliacha kuhesabu, nisije nikapata presha."

"Kwa nini alikuwa anakwangua?"

"Kwa sababu kila mara aliona kasoro. Pua milimita. Kidevu milimita. Ni mtu ambaye hakuweza kuacha kasoro ikalala usiku mmoja. Mwisho alikuwa na nahodha mzuri kama tangazo la sabuni, na bado anamkwangua."

Inspekta akamsogezea picha iliyopigwa asubuhi kwenye eneo la tukio. "Huyu hapa ni mzuri kama tangazo la sabuni?"

Brashi akaishika picha kwa ncha za vidole. Hasira yake ikapotea kidogo.

"Huyu nani?"

"Nahodha Kimondo."

"Siye. Mtazame sikio. La kushoto limetokeza kama mpini wa kikombe. Na kope hii imelegea. Fundi hawezi kuchonga hivi, hata akiwa na homa. Fungueni simu yake, alikuwa anatupigia picha kila hatua na kutuma kwenye kundi letu. Hakuna hata sura moja yenye sikio hilo."

"Basi umechonga wewe."

"Mimi?" Brashi akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Afande, mimi nikigusa udongo unageuka kiazi. Uliza chama chetu kizima cha wachonga wanasesere. Waliwahi kunipa nichonge joka, wakalipiga picha na kununua fremu ili wasisahau kunicheka."

Simu ilifunguliwa. Brashi hakudanganya. Sura baada ya sura, zote nzuri, zote na masikio yaliyolala. Ya mwisho ilitumwa jana alasiri: uso mtupu wa kijani, na maneno mawili chini yake, "Naanza upya."

Inspekta akaendesha gari hadi maabara. Gari lilizimika mara mbili njiani, na mara ya pili Koplo alilisukuma huku akiomba radhi kwa ajili ya kiti. Maabara, mpimaji wa alama za vidole alikuwa amekunja uso.

"Hakuna hata alama moja usoni," alisema. "Mtu kapitisha brashi yenye maji kila mahali. Pamelainishwa kama shavu la mtoto."

"Kwa hiyo hakuna kitu."

"Sikusema hivyo. Nilikata kipande kidogo shingoni. Angalia mwenyewe."

Inspekta akainama kwenye hadubini. Ndani ya kijani kulikuwa na nyuzi nyembamba za rangi ya kahawia, zimezunguka kama maziwa kwenye chai.

"Damu?"

"Ya marehemu. Na haikurukia juu. Imekandwa ndani. Aliyekanda udongo huu alikuwa tayari na damu mikononi."

Inspekta akainuka kutoka kwenye hadubini. Mtu alimsukuma Fundi Sayari, akamwona akianguka, halafu akavuta kiti, akaketi, akachonga uso. Aliketi kwenye kiti kile kile ambacho Koplo alikikalia.

"Twende," alimwambia Koplo, kwa sauti iliyomfanya Koplo akimbie.

Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa mtengeneza meno bandia. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya zahanati, chenye harufu ya nta na plasta. Jirani zake walishangaa kumwona kazini siku ya msiba. Alikuwa ameinama juu ya taa ya spiriti, akipasha moto kijiko kidogo cha chuma. Mbele yake kulikuwa na seti ya meno ya juu, imekaribia kuisha.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Ahsante. Karibuni. Samahani, kazi hii bibi mmoja anaisubiri, hawezi kula."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Na haya meno."

Inspekta akayatazama. Yalikuwa mazuri, lakini moja la mbele lilikuwa limepanda kidogo juu ya jirani yake.

"Hili limekaa vibaya."

"Limekaa sawa. Nimelipinda mimi." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata uhai. "Alikuja na picha yake ya ujana, hilo jino lilikuwa limepanda hivyo. Fundi mwingine angelinyoosha. Lakini ukinyoosha yote, mtu akifungua mdomo unaona meno, humwoni yeye."

Inspekta akaweka picha juu ya meza, karibu na taa.

"Na sikio hili, nani amelitokeza?"

Mtengeneza meno hakuigusa picha. Kijiko cha chuma kilianza kupoa mkononi mwake.

"Mdogo wangu alikuwa fundi hodari," alisema.

"Mdogo wako hakuwahi kuacha kasoro."

"Hiyo si kasoro."

"Basi ni nini?"

Nje, mtu aligonga mlango wa zahanati na kuambiwa asubiri.

"Nina mtu mahabusu," Inspekta alisema. "Brashi. Kesho anasomewa shitaka la mauaji."

Kichwa kikainuka. "Yule binti? Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu alipiga kelele, na wewe ulinyamaza."

Mtengeneza meno akaizima taa. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya stuli.

"Mwacheni," alisema. "Yule hana kosa. Ni mimi."

Alionywa kuhusu haki zake, akasema anazielewa. Kituoni, maelezo yake Koplo aliyaandika kwa mkono, na safari hii hakugusa kitu kingine chochote.

"Nilifika Brashi ameshaondoka. Nikamkuta mdogo wangu anachonga. Nilimsihi, kama nilivyomsihi mwaka mzima: 'Litokeze sikio. Ilegeze kope. Mfanye awe yeye.' Jana alichoka kunisikia, akafanya. Akafanya kama mzaha, lakini alifanya." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nikamwona. Mwanangu, pale mezani, mwenye kofia ya nahodha. Nikamwita jina lake."

"Halafu?"

"Mdogo wangu akacheka. Akasema sasa umeridhika, turudi kwenye kazi. Nahodha wa jeshi la anga hawezi kuwa na sikio kama lile, watamcheka kwenye maonyesho. Akachukua kisu, akalikata. Kisha akaweka dole gumba usoni, akabonyeza."

"Ukamsukuma."

"Nilimsukuma aache. Nilitaka aache tu. Kichwa kikapiga lile jiliwa."

"Kwa nini hukuita msaada?"

"Niliinua kichwa chake. Nilishika shingo. Sikusikia kitu."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Kisha ukafanya nini?"

Mtengeneza meno akatazama mikono yake.

"Udongo ulikuwa bado laini," alisema. "Nilijua ukikauka basi. Mdogo wangu hayupo, nani mwingine angemtengeneza? Nikaketi. Nikaukanda upya. Sikuona damu, wallahi sikuona. Nilikuwa namwona yeye."

Inspekta alikuwa na maneno mdomoni. Aliyabana tangu mwanzo wa mahojiano, na sasa hakujua kama anayasema kwa sababu sheria inataka au kwa sababu amechoka kupita kiasi.

"Daktari anasema mdogo wako hakufa papo hapo."

Kalamu ya Koplo ikasimama.

"Unachonga, yeye yuko chini, bado anapumua. Huenda."

Mtu yule hakulia. Alikaa tu, mabega yakishuka kidogo kidogo.

Mlangoni Brashi alikuwa akirudishiwa mkoba wake, sauti yake ikijaza korido. "Na brashi zangu mlizozichukua kule? Kuna mtu ameziosha, au mmeziacha zikauke na rangi? Maana hapo na mimi nitafungua kesi." Konstebo alimwomba radhi. Alipopita mbele ya chumba cha mahojiano akamwona aliyekaa ndani, akanyamaza, akaondoka bila kusaini.

Kilibaki kitu kimoja. Mtuhumiwa alitakiwa kukitambua kielelezo. Inspekta akakileta ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa lakiri, akamweka Nahodha Kimondo wima juu ya meza.

"Hiki ndicho ulichokitengeneza?"

"Ndicho."

"Sura hii ni ya mwanao?"

Baba akainama. Akatazama kwa muda mrefu, akasogea, akageuza mfuko upate mwanga wa dirisha, kama mtu anayekagua meno ya mteja. Mara vidole vyake vikaanza kubonyeza juu ya plastiki, taratibu, chini ya pua ya nahodha, mahali pale pale, tena na tena. Udongo haukulegea.

"Mdomo," alisema. "Mdomo nimeukosea."

Koplo akamtazama Inspekta, kalamu juu ya karatasi.

"Niandike nini hapo, afande?"

Inspekta akaunyoosha mkono kuuchukua mfuko. Mtengeneza meno hakuuachia.