Ladha ya Kitunguu Saumu

Siku ile nilitumwa chupa tatu za dimeksidi, dawa ya maji ya kupaka viungo. Aliyenituma ni wifi yangu Faina, na hilo peke yake lilitosha kuniharibia siku.

Nilizipata kwenye duka la dawa la mjini, nikadandia lori la maziwa mpaka njia panda, halafu nikashika njia ya msituni kwa miguu. Ilikuwa Juni. Kwetu, kaskazini ya mbali ya dunia, jua la Juni halizami sawasawa. Linashuka hadi kwenye vilele vya misonobari, linakaa pale likiwa jekundu, na kijiji kinabaki kwenye mwanga ambao si wa mchana wala si wa usiku. Chupa zilikuwa zinagongana kikapuni.

Kli... kli... kli.

Mama yangu, Ustinya, alikuwa mganga. Watu walimletea magoti, migongo, watoto wasiolala usiku, ng'ombe waliokauka maziwa. Aliwapaka mizizi na majani, akanong'ona, akapitisha kiganja chake cha kulia juu ya palipouma, na maumivu yakatoka. Yalikwenda wapi, hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza, nami ndiye niliyemchimbia mizizi hiyo tangu nina miaka kumi na sita. Miaka thelathini, magoti kwenye matope ya kinamasi, kucha nyeusi zisizotakata kwa sabuni yoyote. Sikuolewa. Nilijiambia ipo siku mkono ule utakuwa wangu, na watu watakuja langoni wakiniulizia mimi.

Ndipo kaka yangu Rodioni akamwoa Faina.

Faina alikuwa amefanya kazi kwenye zahanati ya mifugo, ambako walikuwa wanawapaka farasi dimeksidi kwenye viungo vilivyovimba. Alikuja kwetu na sanduku la nguo na chupa moja ya dawa hiyo. Siku ya kwanza tu akasimama mbele ya Mama bila haya.

"Mama, mizizi yako ni mizuri, lakini inalala juu ya ngozi kama mgeni asiyekaribishwa. Hii inaingia. Na chochote kilicho juu ya ngozi, inaingia nacho. Kwa hiyo tunawe kwanza, jamani. Mgonjwa anawe, na anayepaka anawe. Ukiwa na uchafu, utaingiza uchafu."

Nilidhani Mama atamfukuza. Mama alicheka! Wakapunguza dimeksidi kwa maji, wakachanganya na maji ya mizizi iliyolowekwa kwenye pombe kali, wakalowesha kitambaa, wakakifunga kwenye goti la mzee Yefimi, juu yake nailoni, juu ya nailoni shali ya sufi. Baada ya dakika chache mzee akaanza kulambalamba midomo.

"Mbona nasikia kitunguu saumu mdomoni? Sijala kitu tangu asubuhi."

"Basi imefika," alisema Faina, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Yefimi alikuwa anatembea kwa magongo mawili. Kwenye sherehe ya mavuno alicheza. Tangu siku hiyo watu wakifika langoni wananikuta nimebeba kapu la mizizi, wananitazama kama wanavyotazama nguzo, wanauliza, "Faina yupo?"

"Yupo," nilikuwa najibu. Roho ikiniuma, nyie. Inaniuma mpaka leo.

"Mkwe wangu ana kichwa," Mama alikuwa akiwaambia. Mimi mwanawe wa kumzaa sikuwahi kuambiwa nina kichwa, wala mkono, wala chochote.

Sasa, Juni ile Mama alikuwa anakufa na hafi. Macho yalikuwa yameshazima tangu majira ya baridi. Wiki tatu alikuwa hali, anakunywa matone tu ya maji, na roho haitoki. Kijiji kizima kilijua sababu. Mwanamke mwenye kitu mkononi hawezi kufa mpaka mtu akipokee, mkono kwa mkono. Majirani walikuwa wanamsalimia toka mlangoni, mikono nyuma. Hata kikombe hawakukipokea kutoka kwake. Rodioni alikuwa amepanda juu akang'oa ubao mmoja wa dari ili roho ipate pa kupitia. Haikupita. Akashindwa kuvumilia, akaenda kukata magogo.

Nilikaa kando ya kitanda wiki zote tatu nikingoja kuitwa. Nilikuwa nimenawa tayari. Nilikuwa nanawa kila saa.

Asubuhi ya siku ile Mama aliunyoosha mkono wa kulia, kiganja juu.

"Faina," alisema. "Mwiteni Faina. Achukue."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo! Kitambaa cha kumfuta jasho kilikuwa mkononi mwangu.

Faina alikuja, akapiga magoti, wakanong'onezana. Halafu akaniambia, bila kunitazama machoni, "Wifi, nenda mjini uchukue dimeksidi, Mama viungo vinamuuma. Jioni nitaoga kwenye kibanda cha mvuke, niwe safi, ndipo nichukue." Akaniondoa nyumbani kama mtoto anayetumwa chumvi wakubwa wakitaka kuzungumza.

Nikaenda. Na katika kurudi, katikati ya msitu, mbu wakinila, maneno yake mwenyewe yakanijia kichwani.

Chochote kilicho juu ya ngozi, inaingia nacho.

Nilisimama. Nilizitazama chupa. Kama dawa hii inaweza kubeba mzizi ikaupeleka ndani ya goti, kwa nini isibebe na kile kilicho kwenye kiganja cha Mama? Sikuhitaji kupewa. Nilihitaji dakika chache tu, na kitambaa.

Nilipofika moshi ulikuwa unatoka kwenye kibanda cha mvuke, nyuma ya bustani ya kabichi. Nikasikia maji yakimwagwa. Wifi yangu alikuwa anaoga.

Niliingia ndani polepole. Chumba kilikuwa chekundu kwa jua lile lisilozama. Kilinuka jasho, mizizi, na ule ubaridi unaoshuka kutoka kwenye tundu la dari. Mama alikuwa amelala chali. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umenyooshwa nje ya blanketi, kiganja wazi.

Unangoja.

Nilifungua chupa. Sikuchanganya na maji, sikuwa na muda. Nikalowesha kitambaa, nikakipaka kiganja chake taratibu, halafu changu. Kiliwaka moto. Nikashikanisha viganja vyetu, vidole katikati ya vidole, nikahesabu pumzi zangu.

Moja... mbili... tatu...

Vidole vya Mama vikafunga.

"Nani?" alinong'ona.

Nikasema kwa sauti nyembamba, sauti ya mwenzangu, "Ni mimi, Mama. Faina."

Kidole gumba chake kilitembea juu ya mkono wangu, kikipapasa.

"Mkono wako mgumu leo, Faina."

"Ni kazi, Mama."

Kidole kikafika kwenye kucha zangu, zile kucha za miaka thelathini ya kinamasi. Kikasimama. Nikaona midomo yake ikianza kulambalamba. Wakati huo huo ladha ikapanda kooni mwangu pia, kali, kama nimetafuna kichwa kizima cha kitunguu saumu.

"Tasya?"

Niliendelea kuhesabu pumzi.

"Tasya, achia."

Aliuvuta mkono. Mwanamke wa wiki tatu bila kula, aliuvuta kwa nguvu iliyoninyanyua kwenye kigoda. Nami nikakaza. Wivu ulinipanda kichwani nikaona giza. Alikuwa ananinyima hata sasa! Hata kwenye pumzi za mwisho, mgeni apewe na mimi ninyimwe!

"Achia, mwanangu... achia... achia..."

Nilimng'ang'ania kwa mikono miwili. Kitu kilipita. Sina neno lingine. Kilipita kutoka kiganja hadi kiwiko, kiwiko hadi bega, kikiwa baridi, kikitambaa kama kinatafuta pa kulala. Juu yetu mbao za dari zililia... krrr... Mama akashusha pumzi ndefu, akakata roho.

Faina alinikuta hivyo hivyo. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji, mashavu mekundu kwa mvuke. Akatazama mikono yetu. Akanusa hewa.

"Wifi," alisema taratibu. "Umefanya nini?"

"Nimechukua changu."

Akakaa sakafuni, akashika kichwa. "Hakuwa ananipa zawadi, Tasya. Unafikiri yale maumivu ya watu yalikuwa yanakwenda wapi? Yako yote humo. Alisema kikipita kwa damu ya ukoo kinakua. Kwa mtu wa nje kinakufa naye. Alikuwa ananiomba mimi nibebe ili wewe usibebe. Nikakubali." Akanifuta kiganja kwa upindo wa gauni lake, akanifuta na kunifuta, akilia. "Nikakubali kwa sababu ya kukuhurumia wewe, mjinga mkubwa!"

Sikumwamini. Nilidhani ni maneno ya aliyeshindwa.

Usiku ule mkono ulikufa ganzi na moyo ukawa unaruka mapigo. Arkadi, tabibu wa zahanati, alikuja, akakikagua kiganja cha marehemu, akatikisa kichwa. Alisema Mama alikuwa amesugua maisha yake yote mzizi wa yale maua ya buluu ya kinamasini ambayo hata mbuzi hayagusi, sumu imejaa kwenye nyufa za ngozi yake, na mimi nimeiingiza mwilini kwa dawa isiyopunguzwa maji. "Siku tatu utakuwa mzima," alisema. Na kweli, siku ya tatu nilikuwa mzima. Nilimcheka Faina mbele ya waombolezaji.

Siku ya nne nilikuwa namenya viazi, ladha ya kitunguu saumu ikanijaa mdomoni.

Sikuwa nimegusa dawa.

Halafu goti la kulia likapinda kwa ndani. Niliyafahamu maumivu hayo, maana nilikuwa nimeyatazama miaka mingi yakiingia mlangoni kwetu kwa magongo mawili. Lilikuwa goti la Yefimi. Wiki iliyofuata ikaja ladha tena, na baada yake jino la mke wa mwalimu. Kisha mgongo wa dereva wa trekta. Kisha, mchana wa Jumapili, ule moto wa mtoto aliyemwagikiwa supu, ambaye Mama alimnyamazisha kwa kiganja kimoja mwaka niliotimiza miaka ishirini. Mtoto yule sasa ni mwanamume mnene mwenye ndevu, mzima kabisa. Moto wake ninao mimi.

Arkadi alisema ni mishipa. Alisema ni huzuni. Alipoishiwa ya kusema aliacha kuja.

Kuponya? Sikumponya mtu hata mmoja. Nilijaribu kupitisha kiganja juu ya goti la jirani, na alichopata ni baridi. Watu waliendelea kufika langoni. "Faina yupo?" Na Faina akawafunga vitambaa vyake, nailoni na shali, nao wakalamba midomo na kucheka.

Miaka imekwenda. Rodioni tulimzika. Mimi nimelala kitanda cha Mama tangu Pasaka, sili, na sifi. Vijana wa jirani wameng'oa ubao wa dari, ule ule, misumari ikiwa bado inakumbuka matundu yake. Wanaonisalimia wanasimama mlangoni, mikono nyuma.

Ni Juni tena. Kila jioni Faina anaoga kwenye kibanda cha mvuke na kuja kukaa kwenye kigoda kile, nywele zimekuwa nyeupe, zinachuruzika. Haleti chupa. Analeta kiganja tu, anakiweka wazi juu ya blanketi.

"Nipe, wifi. Mimi ni mzee, sina cha kuogopa. Kwangu kitakufa, nawe utapumzika."

Najua anasema kweli. Naona huruma machoni mwake, na hiyo ndiyo inayonichoma kuliko goti la Yefimi.

Tangu juzi hayuko peke yake. Akishakaa, mbao za dari zinalia, ubaridi unashuka, na kwenye lile tundu, pale ambapo pangekuwa na anga jekundu tu, kuna kitu kinachokinga mwanga. Faina hakioni. Mimi nasikia pumzi ya kitu hicho. Inanuka kitunguu saumu.

"Achia, mwanangu," inanong'ona. "Achia..."

Nikifungua vidole, maumivu yote yanakwisha leo hii. Na kesho, kaburini kwangu, kijiji kizima kitasema ni Faina aliyeimaliza kazi ya Ustinya. Ni Faina aliyepewa mkono. Mama alimtaka Faina, na mwishowe Faina akapata.

"Wifi," ananiambia sasa hivi, kiganja wazi. "Mpaka lini?"

Nimekunja ngumi.