Samaki wa Mwaka Huu

Gari lilikuwa limelala ghalani miaka arobaini, lakini samaki aliyefungwa nyuma ya taa yake ya kulia alikuwa wa mwaka huu.

Tak Mo-ran ndiye aliyemwona. Alikuwa gerejini, amelala chali chini ya bampa, nati ya mwisho ya madigadi ikimgomea. Madigadi lilipoachia, likammwagia kutu usoni. Aliinua tochi, akakutana na jicho.

Samaki mwenyewe si ajabu. Nusu ya magari ya Seoul yana samaki mkavu chini ya boneti, kazungushiwa uzi mweupe, macho wazi, akeshe badala ya mwenye gari. Anafungwa siku gari linaponunuliwa, kisha anasahauliwa mpaka awe vumbi. Lakini hili gari lilikuwa na utando wa buibui kwenye rejeta na kiota cha panya ndani ya kabureta, na huyu samaki aling'aa kama aliyetoka sokoni asubuhi.

"Ba'mdogo, njoo uone."

Tak Man-su alikuja akijishika kichwa. Usiku uliopita alikuwa na wenzake wa chama cha magari ya zamani, na pombe yao ya soju haikumhurumia.

"Samaki. Hujawahi kuona samaki?"

"Ni mpya."

"Basi ana afya kuliko mimi."

"Gari halijasogea miaka arobaini. Nani kamfunga juzi?"

"Mwenye mali. Matajiri wana hofu zao, sisi tuna zetu."

Mwenye mali alikuwa Mkurugenzi Gong, mzee wa suti za kijivu, aliyeleta gari hilo dogo la saluni, la rangi ya haradali, litengenezwe kwa ajili ya maonyesho. Alitaka kila kitu kiwe cha asili. Ila alitoa sharti moja: madigadi la mbele kulia, lililobonyea kama bakuli, linyooshwe bila kuvuliwa. Man-su aliitikia kwa heshima zote, na mgeni alipotoka akacheka hadi akakohoa. "Ni kama kumwambia daktari ang'oe jino, mdomo usifunguliwe!"

Sasa alikata uzi kwa kisu cha kukatia mipira, akamnyanyua samaki, akamnusa.

"Mzuri huyu. Supu yake inaondoa pombe yote."

"Ba'mdogo! Huyo ni mlinzi wa gari."

"Analinda nini, panya? Tutafunga mwingine. Leta yai."

Akampika juu ya jiko la gereji, na figili na kitunguu, akanywa hadi tone la mwisho. Mo-ran hakuonja. Hakuwa na sababu ya kueleza. Harufu tu ilimkataza. Chini ya harufu ya samaki kulikuwa na nyingine, nyembamba, ya mafuta ya cherehani.

Madigadi la zamani lilikuwa limeoza, kwa hiyo ilibidi litafutwe lingine, na kutafuta spea ya gari kama hilo ni kama kuposa. Mo-ran alikwenda hadi mji wa Incheon, kwa Ok Pil-jun, mwanachama mwenzao, aliyelala chumba kimoja na milango minne ya magari huku mkewe akilala sebuleni.

"Madigadi la kulia ninalo," Pil-jun alisema. "Halijaguswa, bado lina grisi ya kiwandani. Lakini siuzi."

"Kaka Pil, sijasema nanunua. Nina kioo cha taa ya nyuma ya kushoto. Kizima, hakina hata mkwaruzo."

Pil-jun akafuta mikono kwenye suruali. Jasho likamtoka puani.

"Mo-ran, usinifanyie hivyo."

"Miaka mingapi unakitafuta? Gari lako linatembea na jicho moja kama jambazi."

"Mwanamke gani una moyo wa hivi? Hutaolewa!"

"Kaka lete madigadi, harusi tutaongea baadaye."

Alirudi nalo gerejini kwao, mtaa wa Janganpyeong, limeviringishwa blanketi. Walilifunga jioni hiyo. Lilikaa kama limezaliwa hapo, laini, limepinda vizuri kama shavu la mtoto.

Asubuhi lilikuwa limebonyea.

Palepale, kwa umbo lilelile la bakuli. Man-su alifoka kwanza, akidhani Mo-ran amelibamiza na nguzo. Mo-ran akamwonyesha kufuli la geti, halijaguswa. Wakalinyoosha kwa nyundo ya mbao, taratibu, hadi mkono ukipita hausikii kitu. Walipotoka kwenda kula tambi na kurudi, bonde lilikuwa limerejea, na safari hii lilikuwa na kina, na pembeni yake kulikuwa na michubuko midogo minne sambamba, kama ya vidole vya mtu aliyejishika asianguke.

"Bati bovu," Man-su alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Kisha akakohoa, akaingiza vidole mdomoni, akavuta uzi.

Uzi mweupe. Aliuvuta ukaja, akaendelea kuuvuta nao ukaendelea kuja, umelowa, umenyooka, macho yake yakimtoka kwa hofu na aibu ya mtu anayetapika mbele ya mtoto wake. Ulipokatika, sakafuni palikuwa na uzi wa kutosha kushonea shati.

"Usimwambie mtu," alinong'ona.

Tangu hapo hakula kitu kikakaa. Kila alichomeza kilirudi kimefungwa uzi. Mashavu yakaingia ndani, na kwenye mvua zile za msimu, zilizopiga bati la gereji mchana kutwa, alikaa kwenye stuli karibu na gari kama mtu anayesubiri kuitwa. Hospitali walimpiga picha, wakaona koo safi, wakampa dawa ya tumbo. Mo-ran alimtazama akikonda na moyo wake ukamwambia bila kupamba: huyu anakufa. Na huyu ndiye mtu pekee Janganpyeong yote aliyemkabidhi spana bila kumuuliza kwanza ataolewa lini.

Siku moja alasiri, injini ikiwa wazi juu ya meza, vipande vipande, gari likaanza kutoa sauti. Tiki-tiki-tiki-tiki, kimya, tiki-tiki-tiki. Mo-ran aliweka sikio kwenye boneti. Haikuwa injini, maana shimo lake lilikuwa tupu. Ilikuwa cherehani, ya mguu, ikiendeshwa kwa haraka na mtu anayejua kazi. Na kiti cha abiria, alipokitazama kupitia kioo, kilikuwa kimelowa, kimebonyea katikati, na kioo cha mlango wake kilikuwa na mvuke kwa ndani.

"Anauliza," Man-su alisema kutoka kwenye stuli, hakugeuka.

"Nani?"

"Tangu juzi anauliza. Kama bado hatujafika."

Mo-ran hakubishana. Alipanda ngazi ya jengo la jirani, juu ya duka la matairi, alikoishi mganga Mama Cheon, ambaye wauza magari walimwita kimyakimya na kumkana hadharani. Mama Cheon alikuja na kengele yake na bakuli la mchele, viatu vya mpira miguuni. Alizunguka gari mara moja tu, akasimama.

"Nani alikula samaki?"

Man-su aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mzee mzima! Umekula kufuli la watu."

Aliingia akaketi kwenye kiti kilicholowa, akatikisa kengele, akarusha mchele kwenye dashibodi. Punje hazikuanguka. Zilinata kwenye kioo, zikijipanga mstari mmoja mwembamba kama mshono. Mganga alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya msichana mdogo, ya kijijini, yenye adabu inayoumiza.

"Kaka, bado hatujafika? Samahani, nakuchafulia kiti."

Mo-ran aliinama dirishani. "Mdogo wangu, unaitwa nani?"

"Mal-sun."

Mal-sun, wa mwisho: jina wanalopewa mabinti na wazazi waliochoka kuzaa mabinti.

"Unakwenda wapi, Mal-sun?"

"Kaka huyu amesema ananipeleka hospitali. Nilikuwa natoka kushona kiwandani, pale Cheonggyecheon, mvua nyingi, sikuona taa za gari lake. Ni kosa langu. Amenibeba mwenyewe. Amesema nisilie, ni ng'ambo ya daraja tu." Sauti ikasita. "Lakini ile pale hospitali, tumeipita. Kaka, si ile pale? Tumeipita tena."

Mama Cheon akazinduka, akashuka, akaomba maji.

"Si jini la kutumwa," alisema. "Ni binti. Alikuwa hai kwenye kiti hiki. Kijana aliyemgonga alikuwa akizunguka na gari akiwaza baba yake atasemaje, hadi maswali yakakoma. Halafu wakamfunga humu asitoke, na kila mwaka wanabadilisha kufuli."

"Kila mwaka," Mo-ran alirudia. Hasira ilimpanda hadi ikaisukuma hofu pembeni. Maana hebu tuseme ukweli: mtu anayeogopa bahati mbaya hufunga samaki mara moja. Anayefunga kila mwaka anajua vizuri sana amemfungia nani.

"Naweza kufunga mwingine," mganga alisema. "Atanyamaza. Mzee atapona, na mtakuwa watumwa wa huyo samaki maisha yenu. Au mfikisheni."

"Na aliyemwahidi?"

"Mimi ni mganga, mwanangu, si hakimu."

Waliirudisha injini mahali pake mikono ikiwaenda mbio. Ilipowaka, Mo-ran alikaa nyuma ya usukani, Man-su akalala kiti cha nyuma na ndoo yake, na kiti cha abiria wakakiacha kwa mwenyewe. Wakatoka mvuani mchana kweupe, magari ya watu yakiwapigia honi za kusifu.

Hadi darajani gari lilikwenda kama siagi. Ng'ambo, hospitali ilipoonekana upande wa kulia, indiketa ikaanza kulia yenyewe, tiki-tiki-tiki, si mwendo wa indiketa bali wa cherehani, na usukani ukawa mzito, ukawa kama umechomelewa, kwa sababu bati lilikuwa na kumbukumbu yake na kumbukumbu yake ilikuwa kunyooka, kupita, kuzunguka, kurudi na kupita tena, na pembeni yake Mo-ran alisikia pumzi ikivutwa kwa shida na harufu ya lami iliyolowa na mafuta na damu ikajaa hadi akaionja, na nyuma yake ba'mdogo alikuwa akivuta uzi kwa mikono miwili akikoroma, na sauti ndogo karibu kabisa na sikio lake, baridi, isiyolaumu mtu, ikawa inasema samahani kaka, samahani kaka, si ile pale, si ile pale, hata akaweka miguu yote miwili kwenye breki na kifua chake chote kwenye usukani, akapiga kelele ambayo hakujua anayo, "Mimi si kaka yako! Mimi nasimama!" na gari likakata kulia, likapanda ukingo, likazimika mbele ya mlango wa dharura.

Mlinzi alikuja mbio na mwavuli.

"We dada! Toa huo mkweche, hapa pa magari ya wagonjwa!"

Mo-ran alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa abiria. Aliinama kama anavyoinamiwa mkubwa.

"Mal-sun, tumefika."

"Mgonjwa yuko wapi?" mlinzi aliuliza.

"Anashuka."

Mlinzi alitaka kutukana. Kisha akatazama chini. Juu ya vigae vikavu, chini ya kibaraza, unyayo ulitokea, mdogo, wa mguu mtupu, halafu mwingine ukiburuta, halafu mwingine. Mlango wa kioo ulifunguka wenyewe, ukasubiri kidogo, ukajifunga.

Kwenye kiti cha nyuma Man-su alitema kipande kifupi cha uzi, akavuta pumzi ndefu.

"Nina njaa," alisema, akaanza kulia.

Siku ya kuchukua gari, Mkurugenzi Gong aliletwa na gari lake jipya jeusi, dereva akiwa usukanini. Mkononi alikuwa na mfuko wa karatasi. Aliizunguka saluni yake ya haradali, akapitisha kiganja kwenye madigadi. Lilikuwa laini. Aliondoa kiganja haraka.

"Mlilivua?"

"Tulilivua," alisema Mo-ran. "Huo mfuko una nini, Mkurugenzi?"

"Samaki. Mila tu. Mtanifungia palepale."

"Mila ni mara moja."

"Binti, kazi yako ni spana."

"Sawa. Nikuulize kimoja tu cha spana. Aliyekaa kiti cha abiria, jina lake nani?"

Uso wa mzee ukawa na rangi ya puti ya kuzibia bati. Mo-ran alisubiri. Alimpa muda, akahesabu pumzi zake mwenyewe, na kwa kweli alitamani aseme kitu. Hata "sijui" ingekuwa kitu. Hata "samahani."

"Liuzeni," Gong alinong'ona. "Lichinjeni. Silitaki tena." Akauacha mfuko juu ya boneti, akarudi kwenye gari jeusi karibu akimbie, akajitupa kiti cha nyuma.

"Bosi, kiti hicho kimelowa," dereva alisema. "Sijui maji yametoka wapi, tangu asubuhi nafuta."

"Endesha!"

Gari lilipogeuka getini Mo-ran aliona madigadi lake la mbele kulia. Lilikuwa limebonyea, kama bakuli. Kioo cha nyuma, upande ambao Gong hakukaa, kilikuwa na mvuke kwa ndani, na katikati ya mvuke alama ya kiganja kidogo. Injini za siku hizi hazina sauti. Kwa hiyo ile tiki-tiki-tiki ilisikika vizuri hadi walipopinda kona.

Man-su alifungua mfuko, akachungulia, akamlaza samaki juu ya boneti.

"Wa mwaka huu," alisema. "Tupike?"

Mo-ran hakucheka. Samaki alikuwa ametolewa mfukoni sasa hivi, kichwa kikielekea ukutani. Alipomtazama tena, alikuwa amegeukia barabara, upande gari jeusi lilikokwenda.