Kitunguu Ndani ya Kisanduku cha Lenzi

Bahiya alifungua kisanduku cha lenzi, akakuta kitunguu.

Msicheke. Kitunguu maji, kimefungwa vizuri kwa kitambaa cha mahameli cha lenzi, ili kisanduku kisipungue uzito akikibeba.

Lenzi ya marehemu baba yake haikuwemo... na harusi ilikuwa alasiri hiyohiyo, Keko.

Mwaka ule wa hamsini na nne, ungezunguka Kinondoni nzima kutafuta mwanamke mpiga picha, ungempata yeye tu. Mzee Hashil alimfundisha bintiye kazi, akafa, akamwachia studio. Chumba anachopambiwa bibi harusi mwanamume mpiga picha haingii. Bahiya anaingia. Akishindwa leo, kesho watasema kazi hii si ya kike, na mlango wa studio ndio umefungwa.

Nyumbani walikaa wawili: yeye na mumewe, Salumu. Bwana wa masharubu ya kupaka mafuta na akili ya kuazima.

Wiki iliyopita Bahiya alimwambia wakiwa wanakula, "Jumamosi nina kazi Keko, kwa Bi Mwanakombo. Anamwoza mpwawe."

Tonge likamkwama Salumu. Akapigwa mgongo mpaka machozi yakamtoka.

"Vyumba vya kule giza tupu," alisema alipopata pumzi. "Bila lile jicho kubwa la baba'ko, utapata nini?"

"Ndiyo maana ninalo."

Jumamosi asubuhi Salumu akaaga, anakwenda msibani Pugu. Jicho kubwa likaenda naye.

Kwa nini? Bahiya hakuwa na muda wa kuuliza.

Kamera ndogo ilibaki na lenzi ya kawaida, jicho finyu. Kwa mwanga wa karabai moja ingebidi aiache wazi muda mrefu, na mkono wa binadamu hautulii hivyo. Picha ingekuwa uji.

Taa ya mwako, ile ya kumulika ghafla? Ingemshtua bibi harusi. Naye akishakalishwa hufumba macho mpaka bwana aje kumpa mkono. Akiyafumbua kabla, wanawake watamsema hadi apate wajukuu.

Hapo Bahiya akasita.

Bibi harusi hafumbui macho. Hageuki. Hacheki. Hata kikohozi anakimeza...

Akavuta uvunguni kamera ya mbao ya baba yake, ya miguu mitatu, yenye lenzi ya polepole kuliko zote. Ile inataka mtu atulie kama ukuta. Na nani anatulia kumshinda bibi harusi?

"Mwanangu, hilo jeneza ndilo la kupigia picha?" aliuliza Bi Mwanakombo alasiri, mlangoni kwake Keko.

"Hilohilo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, pita ukajizike."

Hamisa, bibi harusi, alikaa juu ya kitanda cha samadari na maua ya asumini kichwani, kimya, macho yamefumbwa. Picha ya kwanza ikaenda bila taabu.

"Sasa bwana anaingia," Bi Mwanakombo alinong'ona. "Maskini, amefiwa na mke. Uzazi ulimchukua."

Bahiya akajifunika kitambaa cheusi cha kamera. Kioo cha kamera zile huonyesha watu kichwa chini, miguu juu. Mlango ukafunguka. Kanzu ikaingia ikining'inia kama popo, kisha joho, kisha masharubu yanayong'aa mafuta.

Salumu.

Kumbe marehemu wa uzazi ni yeye, Bahiya.

Akatia kioo cha kupokelea picha, akatoka.

Salumu akamwona. Mkono u kwenye kipaji cha uso cha Hamisa, akaanza kuyumba huku na huku, macho yakitafuta dirisha.

"Tulia, bwana harusi," alisema Bahiya kwa sauti yake ya kazini. "Mwenzio katulia."

"Mie... mie..."

"Usiseme. Picha haina sauti."

Akavua kifuniko cha lenzi, akahesabu taratibu, kwa raha zake.

Alipomaliza akamgeukia Bi Mwanakombo. "Shangazi, mke wa huyu bwana hajafa. Ndiye aliyempiga picha."

Salumu akaruka dirishani, akatoroka.

Siku iliyofuata Hamisa alikuja studio, akaweka kitu mezani.

"Dada, hii ilikuwa kwenye koti alilovua kuvaa joho, akaliacha."

Ilikuwa lenzi, nzima.

"Na ndoa?"

"Wajomba walimfuata. Talaka kaitoa kabla hawajakaa."

Bahiya akamwonyesha picha ya pili. Hamisa alionekana mpaka ua la mwisho la asumini. Pembeni yake palikuwa na moshi uliovaa joho.

"Nimetoka vizuri," alisema Hamisa.

"Ulitulia."

Hamisa akaitazama tena. "Mkasi unao?"

Wakaikata. Nusu ya moshi Bahiya akaiviringishia kile kitunguu, akampelekea Salumu kwa mama yake, Temeke. Talaka ya Bahiya ilifika Ijumaa.

Nyie mnaosoma hapa, kuoa wa pili dini imemruhusu. Mwanamume mwenye kifua angesema. Huyu alimuua mkewe kwa mdomo, akamzika kwa kitunguu, akaamini ujuzi wote wa mkewe umo ndani ya lenzi moja ya kuibika. Miaka yote alikula jasho la ile studio, hakuwahi kuuliza kazi hiyo inafanywaje.

Ukiona mume hajui mkeo... samahani, ukiona mume hajui mkewe anafanya kazi gani, usimwonee huruma. Mwambie atulie, umpige picha.