Jenerali Achagua Trekta

Kila asubuhi Jenerali alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni, akamkagua adui.

Adui alikuwa nyasi.

Jenerali hakuwahi kuwa askari. Alikuwa seremala mstaafu. Dada yake ndiye aliyempa jina hilo tangu utotoni, kwa sababu alipenda kutoa amri. Aliwaamrisha mbuzi, akaiamrisha mvua, akaiamrisha redio. Redio peke yake ndiyo iliyotii, tena ikiwa na betri.

Ardhi yake ilianza barabarani, ikazunguka nyumba, ikateremka hadi kwenye kijito. Hakuilima. Ilikuwa malisho ya mbuzi wake wachache, ambao hawakuweza kuimaliza hata wangekula usiku na mchana. Mvua zikinyesha, nyasi zilimfika kifuani. Kiangazi kikija, zilikauka zikawa kama karatasi.

Kiangazi kilichopita, mpita njia alitupa kipande cha sigara. Moto ulishika nyasi za barabarani, ukaja mbio hadi kwenye ukuta wa jiko. Mke wa Jenerali aliupiga kwa magunia yaliyolowa mpaka ukazimika. Nywele zake za mbele ziliungua. Tangu siku hiyo usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu. Akisikia harufu ya moshi, hata wa jiko la jirani, alitoka nje kutazama.

Jenerali alimwonea huruma. "Mama Watoto," alimwahidi, "kiangazi kijacho hakitakuta nyasi zimesimama hapa."

Akashika fyekeo. Alifyeka kwa ari, siku baada ya siku, mpaka kiuno kikagoma. Daktari akampa amri tatu: asiiname kwa nguvu, asibebe mizigo mizito, asikae kwenye chombo kinachomrusharusha. Jenerali alizishika mbili. Ya tatu aliisahau palepale kliniki.

"Basi, tutanunua trekta," alitangaza.

Tayari alikuwa amelipenda moja dukani. Lilikuwa kubwa, jekundu, lenye magurudumu ya nyuma yaliyompita kimo. Alipanda, akakaa, akashika usukani. Kwa muda mfupi dunia nzima ilikuwa chini yake, pamoja na muuzaji.

Jioni dada yake alikuja kuwatembelea. Yeye alikuwa dereva wa trekta la kukata nyasi kwenye uwanja wa ndege. Kazi aliijua, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko visu vya mashine yake.

"Kaka, nasikia unanunua ghorofa lenye magurudumu," alisema kabla hajakaa.

"Ni trekta. Lina nguvu za kung'oa mlima."

"Kuna mlima hapa?"

Jenerali alikunywa chai.

"Trekta halikati nyasi," dada yake aliendelea. "Linavuta tu. Kinachokata ni mashine inayofungwa nyuma. Hiyo umechagua ipi?"

"Kuna moja nzuri. Inakata nyasi zinabaki laini kama zulia."

"Hiyo ni ya bustani. Visu vyake hukaa chini karibu na udongo. Mna mawe na visiki?"

"Hakuna hata kimoja," alisema Jenerali.

"Haya, twende tukatembee."

Walitoka wote watatu, kila mmoja na fimbo, wakapapasa nyasi kabla ya kukanyaga. Walikuta kisiki. Walikuta vichuguu na mawe. Kisha fimbo ya mke wa Jenerali ikagonga chuma. Alitenganisha nyasi, akainama kutazama.

Lilikuwa toroli la Jenerali. Lilikuwa limepotea muda mrefu, na kwa muda huohuo Jenerali alikuwa hamsalimii jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Mwizi amelirudisha," alisema Jenerali taratibu.

"Na akapanda nyasi katikati ya magurudumu," alisema mke wake. "Mwizi mwenye subira."

Dada mtu alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akaeleza. "Hapa mnahitaji mashine ya kufyekea. Ina visu vizito vilivyofungwa kwa bawaba. Kisu kikigonga jiwe kinarudi nyuma, hakivunjiki ovyo. Haitawapa zulia, lakini itakata nyasi ndefu na vichaka. Hata hivyo, mawe yaondoeni na visiki mviwekee alama, maana jiwe likirushwa ni risasi. Na mashine iwe pana kuzidi kidogo magurudumu ya nyuma. La sivyo magurudumu yatalaza nyasi zisikatwe, na kesho zitasimama tena."

"Sasa trekta je?" aliuliza mke wa Jenerali.

"Chagueni mashine kwanza, kisha trekta la kuitosha. Likiwa dogo, mashine inalizidi nguvu, na mbele linanyanyuka kwenye kilima. Likiwa kubwa kupita kiasi, linazama pale penye maji na haliingii langoni. Muulizeni muuzaji nguvu inayofika kwenye mhimili wa nyuma, ule unaozungusha mashine. Asiwatajie ya injini peke yake. Tena liwe na nguzo ya chuma nyuma ya kiti na mkanda, likipinduka lisimlalie dereva."

Walikuwa wamefika juu ya mteremko wa kijito. Dada mtu aligeuka.

"Nani ataendesha?"

"Mimi," alisema Jenerali.

Mke wake alitazama kijito. "Daktari alisema usikae kwenye chombo cha kurusharusha," alisema kwa upole.

"Kiti chake ni kizuri."

"Mume wangu, moto ulinitisha. Sasa niamke nikukute huwezi kuinuka kitandani?"

Akilini Jenerali aliona lile trekta jekundu likiondoka polepole, bila dereva. Alikuwa amechagua kiti ambacho hakuruhusiwa kukikalia. Dada yake, ambaye kwa kawaida asingeacha nafasi kama hiyo ipite, safari hii aligeuka kuwatazama mbuzi.

"Basi ataendesha Mama Watoto," Jenerali alisema mwishoni. "Mimi nitaondoa... nitasimamia uondoaji wa mawe."

Siku iliyofuata walikwenda dukani, wakachagua kwanza mashine ya kufyekea. Mke wake alipanda lile jekundu. Miguu yake ilining'inia, klachi akaiona kwa mbali. Akajaribu la wastani, la bluu, lililokaa chini chini. Kiti kilisogea mbele. Alikanyaga klachi mpaka mwisho, akakanyaga breki, akageuka akaiona vizuri mashine iliyofungwa nyuma. Jenerali alipima upana wa mashine kwa futi ya useremala, kwa ajili ya lango.

"Hili," alisema mke wake.

Dada mtu alimfundisha kazi. Zima injini na subiri visu visimame kabla ya kushuka. Usimpakie mtu. Kwenye mteremko wa kiasi panda na kushuka, usikate kwa ubavu. Palipo na mteremko mkali, waachie mbuzi. Fyeka nyasi zikiwa bado mbichi, kwa sababu zikikauka, kisu kikigonga jiwe cheche moja inatosha. Acha urefu wa kiganja, mvua isichukue udongo.

Mawe yalipoondolewa, Mama Watoto alianza na ukanda wa barabarani, kisha kuzunguka nyumba. Nyasi zilizokatwa huko walizikusanya wakawahifadhia mbuzi. Jenerali alisimama mbali, akipunga fimbo kutoa maelekezo. Dereva hakusikia hata moja, na kazi ikaenda vizuri. Jioni Jenerali alivuka barabara kumsalimia jirani. Maneno yalimshinda, akamsifia kuku wake.

Kiangazi kilikuja. Mchana mmoja moto ulishika kando ya barabara. Mke wa Jenerali alitoka mbio na magunia, na jirani naye akaja na tawi. Lakini moto ulipofika kwenye ukanda uliofyekwa, ulijiinamia, ukatambaa, ukakosa chakula. Waliupigapiga ukafa mbali na nyumba.

Mke wa Jenerali alirudi, akanawa uso, akakaa barazani. Moshi ulikuwa bado unanukia. Jenerali alipotoka na chai, alimkuta amelala kitini, mdomo wazi kidogo, magunia miguuni.

Mbuzi mmoja akalia. Jenerali akaweka kikombe chini, akamwinamia yule mbuzi.

"Nyamaza," aliamrisha kwa kunong'ona.

Mbuzi akanyamaza.