Saini ya Injenieri Asiyefika

Asubuhi, ukungu hushuka kutoka msituni na kulala juu ya mto. Watu wanaovuka daraja, ambalo huku huitwa kilalo, hawaonekani miguu. Yanaonekana mabega tu, vichwa na mizigo, kama vile wanaelea.

Régine aliipenda saa hiyo. Alikuwa mkulima wa mihogo katika kijiji kimoja cha Walikale, mashariki mwa Kongo, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mubi. Kila siku aliingia mtoni, chini ya kilalo kipya cha sima, yaani saruji, na vyuma, akalowesha mihogo yake. Maji yalipita polepole kwenye magoti. Mara nyingine alisahau kazi, akawa anasikiliza tu nyayo za watu juu ya kichwa chake: wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda kituo cha afya, kisha pikipiki zenye magunia.

Siku moja aliinua macho. Chini ya kilalo aliona mstari mwembamba kama unywele. Wiki mbili baadaye alipanda juu ya jiwe, akaugusa. Ukucha wake uliingia.

Jioni alimwambia mume wake, Léopold, aliyekuwa katika komite ya kilalo.

"Kilalo iko na mwaka moja tu," Léopold alisema. "Na injenieri alisinya, alitia saini yake. Karatasi iko kwa shefu wa kijiji, na kashé, ule muhuri, juu yake."

"Karatasi haiko ndani ya maji," Régine akajibu. "Mi njo niko ndani ya maji, mimi mwenyewe."

Jumamosi alipeleka mihogo sokoni Mubi. Mteja wake mmoja alikuwa Kétsia, injenieri kijana kutoka Butembo, aliyekuja kupima barabara. Régine alimweleza ule mstari. Kétsia aliacha kuchagua mihogo.

"Mama, kesho kisha misa nitakuja kuona."

Akaja kweli. Alivua viatu, akaingia mtoni. Aligonga sima kwa jiwe dogo, akasikiliza. Mahali pengine ililia vizuri. Mahali pamoja ililia kama chungu kitupu. Pale palikuwa na doa la kutu, jekundu kama chai. Kétsia alikoroga plasta kidogo, akaipaka juu ya ufa, akaandika tarehe.

"Hii plasta iko shahidi yetu," alisema. "Ikibaki nzima, ufa umetulia. Ikipasuka, ufa unaendelea kufunguka. Lakini musingojee. Tangu leo pikipiki na magunia visipite. Bantu bapite moja moja."

Walifunga mianzi pande zote mbili. Wachuuzi walinung'unika, maana sasa walibeba magunia kichwani. Naomie, binti ya Régine, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama yake alimvusha akimshika mkono, akamwacha kwa shangazi, ng'ambo ile ya kituo cha afya.

Siku ya nne, plasta ilipasuka katikati.

Kétsia aliomba kuona karatasi ya shefu. Injenieri Archange alikuwa ameandika kwamba alifika kazini mara tatu. Aliandika pia kwamba alihesabu vyuma kabla ya sima kumwagwa.

"Sima ikifinywa inavumilia," Kétsia aliwaeleza. "Ikivutwa inapasuka. Vyuma njo vinaishika. Kwa hiyo injenieri anapashwa kuviona mbele. Sima ikishamwagwa, hakuna tena jicho la kuviona. Sasa, huyu Archange, nani alimuona hapa?"

Watu waliangaliana. Hakuna aliyekuwa amemwona.

"Kusinya kazi ile haukuona ni kosa kubwa kwetu. Wainjenieri tuko na baraza ya nidhamu. Muliandikie."

Léopold alitikisa kichwa. "Sisi ni bantu ba mihogo, dada. Yeye alisoma. Nani atatusikiliza? Na pengine tutaharibu maisha ya mutoto wa wenyewe."

"Papa Léopold, andika tu ile muliona. Tarehe, foto, majina ya mashahidi. Musimutukane. Na yeye atapewa nafasi ya kujibu. Baraza linaweza kumuonya, kumusimamisha kwa muda, ao kumufuta kabisa katika kazi. Si kulipiza kisasi. Ni kulinda bale banapita juu."

Léopold aligeuka kuangalia kilalo. Mto ulikuwa ukipita.

"Baba yangu alikuwa anafunga vilalo vya kamba za msitu," alisema mwishowe. "Akimaliza, alipita wa kwanza, yeye mwenyewe. Nipe kalamu."

Miezi mitatu baadaye, baraza liliwaita kwa simu. Mtandao ulipatikana juu ya kilima tu. Walipanda asubuhi. Chini yao msitu wote ulikuwa umefunikwa na wingu jeupe, na sauti za simu zilitoka kama katika nchi nyingine.

"Mama Régine," sauti ya mwanamke iliuliza, "una hakika injenieri hakufika?"

"Nilikuwa mutoni kila siku ya kazi, mama. Wafundi nilijua mpaka nyimbo zao. Injenieri, hapana."

Kisha sauti ya mwanaume.

"Anasema kweli. Barabara ilikuwa mbaya, na nilikuwa na kazi zingine. Fundi aliniambia yote iko sawa. Nikasinya."

Régine alifikiri atafurahi. Hakufurahi. Alisikia baridi tu, kama wingu linapopita mbele ya jua.

Baraza lilimsimamisha Archange miaka miwili. Katika muda huo hakuruhusiwa kusinya kazi yoyote. Wenye mradi wa kilalo walipopata uamuzi, waliamuru kampuni iliyokijenga ivunje sehemu mbovu. Ndani vilikutwa vyuma vyembamba, vichache kuliko vya ramani.

Injenieri mwingine alitumwa. Huyu alilala kifudifudi juu ya mbao, akahesabu vyuma kimoja kimoja, mafundi wakingoja. Sima iliachwa ikauke wiki nne. Ndipo walipanga mifuko ya mchanga juu ya kilalo, mizito kuliko mizigo yote ya Mubi. Wakapima siku nzima. Hakuna ufa.

Naomie alirudi nyumbani kwa miguu yake, mtoto wa kike mgongoni. Pikipiki zilianza tena kupita.

Mwezi mmoja baadaye, mwanaume mmoja alishuka kwenye pikipiki karibu na mto. Alivaa shati safi. Alisimama ukingoni, hajui aweke wapi mikono.

"Mama Régine ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, papa."

"Mi njo Archange." Alitazama maji. "Huu mto, ninauona mara ya kwanza leo. Nilikuja kukuomba unionyeshe mahali ufa ulikuwa."

Régine alimwangalia. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake ya simu. Kisha akamsogezea jiwe kwa mguu ili apate pa kukanyaga.

"Kunja suruali," alisema. "Ingia. Kutoka huko juu hauwezi kuona kitu."

Archange alikunja suruali, akaingia majini.