Juisi ya Ruracio

"Wewe ni nani?"

Wamuyu alikuwa na mkono mmoja ndani ya beseni ya maembe, na mwingine umeshika simu ya mchumba wake. Simu ilikuwa kwenye chaja ikiita na kuita, jina Mama likiwaka, na Kimaiyo mwenyewe alikuwa ametoka kutafuta barafu. Angeiachaje? Kesho huyo mama alikuwa aje nyumbani kwao Elburgon kumwomba awe binti yake. Kwa hivyo aliishika, akamsalimia kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

"Ni mimi, Mama. Wamuyu."

"Wamuyu gani? Mimi sikujui, msichana wangu. Mwambie Kimaiyo kesho asichelewe. Tunachinja mbuzi, na watu wa kanisa wote wanakuja hapa kwetu. Yeye ndiye ataongoza maombi."

Simu ikakatwa. Nje ilikuwa Krismasi, kila mlango wa ploti ile ya Kariandusi alikopanga Kimaiyo una redio yake, na Wamuyu akabaki amekaa kwenye kibago, juisi ya embe inamtiririka hadi kwenye kiwiko.

Ngoja nikueleze, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Wakikuyu, siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, upande wa kijana ndio huleta kinywaji. Zamani ilikuwa pombe ya muratina, lakini watu waliookoka sasa wanaleta juisi. Mama na dada za kijana ndio hukitengeneza kwa mikono yao, na hiyo ni njia yao ya kusema huyu msichana tunamtaka. Baba ya msichana hujaziwa pembe ya kunywea, akamgeukia binti yake mbele ya wazee na kumwuliza: ninywe? Akinywa, basi amempeana.

Kimaiyo ni Mkalenjin wa Kuresoi, hayo yote hakuyajua. Wamuyu alimweleza mapema, na kila akiuliza maandalizi yamefika wapi aliambiwa Mama ameshanunua hata mananasi. Halafu wiki ya Krismasi ikaja habari kwamba Mama anaumwa mgongo. Kimaiyo akamwomba aitengeneze yeye, waseme tu imetoka kwao. Ukipenda boga penda na ua lake. Wamuyu akaomba ruhusa kwenye shamba la maua alikofanya kazi, akatoka Karagita na gunia la matunda, akaja kumtengenezea mkwe wake kinywaji, aibu isimpate. Mkwe ambaye hata hajui kama yeye yuko duniani.

Kimaiyo alirudi akipiga mluzi, mfuko wa barafu begani.

"Mamako amepiga."

Mluzi ukakatika.

"Ulishika?"

Hakuuliza amesema nini. Aliuliza tu kama alishika, na Wamuyu hakuhitaji kuambiwa kitu kingine.

Hata hivyo Kimaiyo alimwambia, amesimama hapo mlangoni barafu ikimdondokea viatu. Wakati wa vita vya makabila nyumba yao ilichomwa, na kaka yake mkubwa hakurudi. Tangu hapo Mama hataki kusikia jina la Kikuyu ndani ya boma. Kila mwaka alikuwa anajiambia atamweleza Mama, kila mwaka anaogopa. Wale wazee wa kesho, na mwanamke atakayejifanya mama yake, ni watu amewakodi huko Salgaa.

"Na baba yangu je?" Wamuyu aliuliza. "Yeye pia alichomewa nyumba, Kimaiyo. Huko huko Kuresoi. Nilipomtajia jina lako alikaa siku nyingi bila kuongea na mimi. Halafu akasema mlete."

"Baba yako ana roho kubwa. Mama yangu ataanguka afe."

"Sasa mimi naolewa wapi? Kwenu ama Salgaa?"

"Nipe kesho tu. Tukishamaliza nitamwambia. Atakasirika, halafu atazoea. Babe, please."

Wamuyu alirudi kwenye beseni.

Nitasema ukweli hata kama utamcheka: alikuwa anampenda. Mtu hatupi miaka mitatu kama maganda. Basi aliendelea kukata. Mananasi vipande vidogo, tikiti maji akilitoa mbegu moja moja, matunda ya passion akiyachuja kwa kitambaa cheupe. Alichemsha sukari na tangawizi na vijiti vya mdalasini, akaacha ipoe kabisa kabla ya kuimwagia, maana ikiwa moto matunda yanalegea na juisi inakuwa uji. Machungwa akakamua, akamalizia na ndimu. Ndizi hakuweka, ndizi zinageuka nyeusi ikifika asubuhi. Alikuwa analia muda wote huo na Kimaiyo alikuwa amekaa kitandani anamwangalia. Jioni Wamuyu alifunika ndoo, akamwachia Kimaiyo aje nayo, akashika njia ya kwenda kwao.

Kesho yake Elburgon ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Wageni walifika na mablanketi ya kupeana, wakaimba mlangoni mpaka wakafunguliwa. Yule mama wa Salgaa alikuwa mtu mpole, ana suti ya kijani na kofia. Wamuyu alipompelekea maji ya kunawa, alimshika mkono akamvuta karibu.

"Mimi nimekuwa mama ya vijana wengi," alimnong'oneza. "Lakini wewe ningekuchukua kwa ukweli."

Wamuyu alirudi jikoni, akamwaga maji ya kunawa. Kama mgeni wa saa moja ameweza kumpenda, yule mama mwenyewe wa Kimaiyo alikosea nini hata asipewe nafasi ya kujaribu?

Wakaketi. Msemaji wa kina Wamuyu, ami yake Jamleck, alifunua ndoo, na harufu ya mdalasini ikajaa sebule. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakamsifu mama ya kijana kwa mikono yake mizuri. Yule mama akainama, akashukuru. Pembe ikajazwa, akapewa baba yake Wamuyu, Mzee Nderitu. Akasimama nayo.

"Wamuyu. Hii imeletwa na mama ya huyu kijana. Nikinywa, umeenda. Ninywe?"

Kimaiyo alikuwa anamwangalia, macho yanaomba. Neno lenyewe lilikuwa fupi, ndiyo tu, na angekuwa mke wake. Angekuwa mke wa kufichwa kila Krismasi, na watoto wa kufichwa, na simu za kutoshikwa.

"Baba, hiyo juisi nimetengeneza mimi," alisema. "Jana, Kariandusi. Huyu mama simjui na yeye hanijui. Mama ya Kimaiyo hajui kama tuko hapa. Hakuna mtu amekuja kuniomba."

Yule mama wa Salgaa alivua kofia, akaiweka kwenye mapaja. Jamleck alianza kusema kwamba haya ni matusi, Mzee Nderitu akamnyamazisha kwa kiganja.

"Wamuyu, nakupenda," Kimaiyo alisema. "Mungu anajua."

"Hata mimi najua. Ni mamako hajui."

Mzee Nderitu alimtazama kijana kwa muda mrefu, na hakuwa na hasira. Nafikiri hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kijana, mimi pia niliogopa," alisema. "Niliogopa majirani, nikaogopa kaburi la mke wangu. Nikakubali hivyo hivyo. Sasa toa simu umpigie mamako hapa tukisikia. Mwambie uko kwa Nderitu, umekuja kuchukua Wamuyu. Aseme ndiyo, aseme hapana, hata akutukane, mimi nitakunywa. Nataka tu ulitaje jina lake."

Kimaiyo alitoa simu. Alipiga, akaweka sauti juu. Wamuyu alijikuta anaomba kimoyomoyo. Bado alikuwa tayari, unaelewa? Jina lake tu, litamkwe mara moja.

"Kimaiyo," sauti ya mama ikaja, na nyuma yake watu wanaimba nyimbo za kanisa. "Uko wapi? Watu wamefika."

"Mama..."

"Eeh, sema. Uko na nani?"

Akafumba macho. Sebule nzima ilikuwa inamngoja.

"Niko Nakuru, Mama. Na marafiki. Nakuja."

Akakata. Hakuinua kichwa tena.

Mzee Nderitu alikuwa bado ameshika pembe. Alimgeukia binti yake na sauti ikawa ya chini sana, kama anaongea na mtoto mgonjwa.

"Wamuyu, mama. Ninywe?"

"Usinywe, Baba."

Mzee akairudisha juisi yote ya pembe ndani ya ndoo, akaifunika, akaisukuma mbele ya wageni, kwa sababu kinywaji kikikataliwa hurudi na aliyekileta. Kimaiyo aliibeba mwenyewe hadi barabarani.