Maziwa ya Frederick

Siku hiyo mjinga alikuwa Loserian. Hakuna anayemsingizia. Mwenyewe hukiri hivyo mpaka leo, tena akicheka, ingawa siku yenyewe hakucheka hata kidogo.

Loserian ni muuza maziwa wa Nduruma. Alfajiri hukamua ng'ombe wake, hukusanya maziwa ya majirani, hufunga madumu kwenye pikipiki na kuyapeleka kwenye migahawa ya Daraja Mbili, mjini. Ni mtu wa utani. Lakini kwenye maziwa hana utani. Akinusa na kuonja, atakuambia kama yametiwa maji, na pengine na nani.

Mkewe, Ndeshi, hufanya kazi kwenye shamba kubwa la mboga. Hupanga maharage machanga kwenye maboksi ya kwenda nje ya nchi. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, alirudi kazini. Mtoto wao mchanga, Hope, akabaki na Koko. Ndivyo walivyomwita mama yake Loserian, bibi wa mtoto.

Tabu ikaanza. Ikifika adhuhuri, matiti ya Ndeshi yalijaa, yakauma, gauni likalowa. Jioni Koko alimkataza kumnyonyesha mtoto kabla ya kukamua na kumwaga maziwa yaliyoshinda kazini, eti yamechacha. Ndeshi akamwaga. Baada ya wiki chache hapakuwa na cha kumwaga. Hope alivuta, akaachia, akalia. Koko akampa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Mtoto akaharisha, mashavu yakaanza kusinyaa.

Muuguzi wa kliniki alimshauri Ndeshi awe anakamua maziwa kazini na kuyatunza. Ndeshi alipoyasimulia hayo nyumbani, Loserian alicheka akashika mbavu. Akauliza kama amletee ndoo, na kamba ya kumfunga miguu asipige teke. Ndeshi hakucheka. Hakulitaja jambo hilo tena.

Basi wivu ukapata mlango. Lemburis, rafiki yake Loserian, alikuwa mlinzi wa geti kule shambani. Alimwambia kwamba siku hizi Ndeshi hali chakula na wenzake. Mchana huchukua ufunguo kwa msimamizi, Frederick, akajifungia kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Akitoka, huongozana na Frederick mpaka kwenye chumba cha baridi wanakohifadhi mboga. Lemburis akaongeza kuwa yeye hamaanishi kitu, anasema tu alichokiona.

Loserian alimfahamu huyo Frederick. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mfukoni. Funguo zilimlia kiunoni akitembea. Loserian akajinusa mkono. Ulinuka ng'ombe. Kesho yake akanunua marashi mjini, akajipaka bila huruma, hata wateja wa Daraja Mbili wakauliza chai ya leo imetiwa nini. Ndeshi hakuyasikia hata marashi hayo. Alikuwa na mawazo yake. Hilo nalo likamchoma Loserian.

Jioni hiyo alisimamisha pikipiki ng'ambo ya geti, akasubiri. Wakatoka. Frederick alimkabidhi Ndeshi kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Ndeshi alikipokea kwa mikono miwili, akatabasamu. Loserian alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliliona tabasamu lile. Hakukumbuka.

Akatangulia nyumbani. Ndeshi alipofika, aliweka mfuko wake mezani, akaenda nje kunawa mikono. Loserian hakungoja. Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kipande cha barafu na chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko. Ndani ya chupa, maziwa.

Damu ikamchemka. Nyumba ya muuza maziwa inaletewa maziwa na mwanamume mwingine? Akayatazama. Mepesi, ya rangi ya kibuluu. Akaonja. Matamu. Akaamua papo hapo: jamaa ametia maji, akatia na sukari ili kuficha. Akatoka mlangoni, akayamwaga yote chini.

Ndeshi alisimama na mikono inayochuruzika maji.

"Umemwaga nini, Baba Hope?"

"Maziwa ya Frederick."

"Frederick ana maziwa?"

Koko, aliyekuwa akimbembeleza Hope, alimgeukia mwanawe taratibu. Loserian akaanza kuhisi kwamba mahali fulani amekosea njia.

"Ni yangu. Frederick ananitunzia tu kwenye chumba cha baridi," Ndeshi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeanza kukamua wiki hii. Siku ya kwanza kilitoka kijiko tu. Leo ndiyo mara ya kwanza chupa imejaa. Nilitaka kukuomba nafasi kwenye friji yako ya maziwa, mtoto apate cha kunywa kesho nikiwa kazini. Umemwaga chakula cha mwanao."

Hope akalia.

Koko ndiye aliyemwita Sabina, jirani yao, mhudumu wa afya wa kijiji. Loserian alimwamkia shikamoo huku akitazama chini. Sabina aliitikia marahaba, akatazama doa pale mlangoni, hakuuliza. Alimtazama Hope kwanza. Akasema kesho asubuhi apelekwe kituo cha afya kwa sababu ya kuharisha, na maziwa ya ng'ombe yasimame. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kingine zaidi ya maziwa ya mama, hata maji.

"Lakini yale yaliyoshinda kifuani yamechacha," Koko alisema.

"Hapana, mama. Ndani ya titi maziwa hayachachi. Akifika tu, amnyonyeshe." Kisha akamgeukia Loserian. "Wewe ng'ombe wako usipomkamua wiki nzima, atakupa nini?"

"Atakauka."

"Na mkeo je?"

Loserian alikuna kichwa. Jambo alilolijua tangu utotoni, hakuwahi kulifikiria ndani ya nyumba yake.

Sabina akaeleza polepole. Ndeshi amnyonyeshe Hope kabla ya kuondoka, akirudi, na usiku kila mtoto atakapotaka. Kazini akamue kila baada ya saa tatu hivi, na sheria inampa mama anayenyonyesha muda huo, hadi saa mbili kwa siku. Kwanza anawe mikono kwa sabuni. Akande titi taratibu, abane kwa kidole gumba na vidole vingine nyuma ya lile duara jeusi, asivute chuchu. Chombo kichemshwe, kiwe na kifuniko, kikae kwenye baridi. Nyumbani maziwa yasichemshwe. Chupa isimamishwe kwenye maji ya uvuguvugu, kisha mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi. Atakayobakiza kikombeni yasitunzwe.

"Na ule wepesi?" Loserian aliuliza kwa aibu.

"Ndivyo yalivyo. Mtoto wako si ndama."

Kuanzia hapo Loserian alitenga rafu ya juu ya friji yake. Kila jioni alichemsha chupa mwenyewe. Koko alijifunza kunywesha kwa kikombe, na baada ya kumwagika mara chache akawa hodari kuliko wote. Kituo cha afya kilitibu kuharisha. Maziwa ya Ndeshi yakarudi, kidogo kidogo, na Hope akaacha kuachia titi. Mwezi uliofuata mizani ya kliniki ilipanda, na mashavu yakarudi mahali pake.

Wivu ndio uliochelewa kupona. Jumapili moja, wakitoka kanisani, walikutana na Frederick. Akamshika Hope kidole, akamsifu kwa unene, akaenda zake na funguo zake. Loserian akaanza kunung'unika njiani. Haiwezekani mwanamume mwingine ajue mambo ya nyumba yake kabla yake. Koko alimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

"Mimi ndiye mumeo," alisema. "Ulipaswa kuanza na mimi."

Ndeshi alimhamishia Hope kwenye bega la pili.

"Nilianza na wewe, Baba Hope. Wewe uliniuliza habari za kamba. Frederick aliniuliza chumba nakitaka saa ngapi."